Mafundi, tuachieni dari jamani

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako niseme kuhusu hizi nyumba tunazojenga Mtwara siku hizi. Ukipita Chikongola, Likombe mpaka Mikindani nyumba mpya zinapendeza kweli, bati za rangi, jipsam ina maua na taa za kuzunguka, ila muombe mwenye nyumba akuonyeshe pa kupandia darini kuweka vitu, hamna. Au papo, katundu ka kupita paka.

Mi nimekulia Newala, bibi alikuwa na jiko la nje na juu ya mafiga kuna dari la fito na mianzi, mahindi yanapandishwa na maganda yake, moshi unayapitia kila siku mpaka maganda yanakuwa meusi na ukiyashika vidole vinabaki na masizi, na pembeni kuna kibuyu cha mbegu za kunde zimechanganywa na majivu. Nafaka inakauka, fukusi hapendi. Sisemi moshi unamaliza kila kitu, maana kuna dumuzi, wengine wanamwita skania, asili yake Amerika ya Kati na hapa kwetu aligundulika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, huyo anatafuna mahindi, makopa ya muhogo, na hata mbao za dari lenyewe anatoboa. Huyo anataka dawa au mifuko isiyopitisha hewa. Lakini hata hiyo mifuko si inataka pa kukaa?

Sasa hivi gunia liko sebuleni nyuma ya kochi, masufuria ya shughuli chini ya kitanda, nyavu za shemeji yangu wa Shangani ziko barazani zinaliwa na panya. Huko juu kuna nafasi sawa na nyumba nzima wanakaa popo, kodi hawalipi na mkojo wao unaacha madoa ya njano kwenye jipsam uliyonunua kwa shida.

Kwangu waya iliungua juu ya chumba cha watoto, fundi umeme akaja anauliza napandia wapi, tukatazamana, ikabidi tukate bodi kwa msumeno.

Na simaanishi mtu akapange magunia juu ya jipsam! Ile imeshikiliwa na blandaring, vile vimbao vyembamba vya inchi mbili kwa mbili, ukikanyaga unashuka nayo sebuleni. Dari la mzigo linataka mbao nene zilizolala ukuta hadi ukuta, lisining'inizwe kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa, halafu zipigiliwe mbao juu. Wazee wa Mikindani waliliweza hilo kwa boriti za mikoko, zikabeba mawe, chokaa na watu juu yake. Tanki nalo tusidanganyane, lita 1,000 likijaa maji ni tani moja, lijengewe mnara wake nje. Na hewa jamani, pande mbili za paa ziachwe matundu yenye wavu, joto la chini ya bati litoke na popo asiingie, hata chumba cha chini utalala.

Si lazima nyumba nzima, juu ya jiko na stoo panatosha, na tundu la kupita mtu mzima na gunia lake. Wanaochora ramani waliweke tangu mwanzo, na halmashauri zikipitisha ramani ziulize. Na fundi wangu kama unasoma gazeti, kule chumba cha watoto bado nimeziba na boksi, njoo na ngazi.

Msomaji wako, Mtwara