Kuhusu ile orodha ya maneno uliyoniomba

Swahiba,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia umepata wanafunzi wa Kiswahili. Unataka nikuandalie maneno 500, Kiswahili upande huu na Kiingereza upande ule. Kuandaa si kazi, ila naona tungoje kidogo. Orodha ya namna hiyo mwanafunzi huikariri yote, kisha akifungua mdomo anazungumza Kiingereza kilichovishwa kanzu.

Chukua "piga". Kwenye orodha utaandika ni kutandika au kugonga, basi, umemaliza. Kesho yake mwanafunzi anasikia fulani amepiga pasi, amepiga mswaki, amepiga kura, halafu amepiga soga mpaka usiku wa manane. Hapo nani kaumia? Kitenzi hicho kifundishwe pamoja na majina kinayoandamana nayo. Na hata akishajua "piga simu", bado kuna mtego: akitaka kusema amezungumza na mama yake kwa simu, lazima aseme "nimempigia mama". Akisema "nimempiga mama", amemtandika mzazi wake.

Kinachowasumbua zaidi, kwa maoni yangu, ni "-na-" na "-me-". Wameshaambiwa "-na-" ni ya jambo linaloendelea sasa. Basi wakimwona mtoto kafumba macho, anakoroma, wanasema "mtoto analala", kwa sababu Kiingereza kinalihesabu hilo kuwa jambo linaloendelea. Sisi tunasema "amelala". Vivyo hivyo amekaa, amesimama, amechoka, amevaa miwani. Ukisema "anavaa miwani", mimi namwona mtu miwani iko mkononi, ndiyo kwanza anaipeleka usoni. Vitenzi hivi vya hali si vingi sana. Wafundishe kwa vitendo, darasani. Mmoja asimame polepole, wenzake waseme "anasimama", akishanyooka waseme "amesimama". Somo moja tu, na litawakaa kuliko kurasa kumi za sarufi.

"Pole" nayo usiiandikie neno moja. Kiingereza kinatumia neno lilelile kuomba radhi na kumhurumia mtu, kwa hiyo utaona mwanafunzi kakukanyaga mguu anasema "pole" tu, na wewe unabaki kumtazama. Aanze na "samahani", "pole" ifuate. Kwa upande mwingine, akikukuta unatoka kazini au umeugua, hiyo "pole" itoke bila kusita, hata kama yeye hahusiki kabisa.

Saa haina shida kubwa. Waonyeshe saa ya mshale: mshale mfupi ukiwa kwenye 8, namba inayoutazama upande wa pili ni 2, nasi tunasema saa mbili.

Jambo la mwisho ni kamusi. Usidhani wanajua kuitumia. Mtu anakutana na "hawajatuletea", anaitafuta kwenye H, haioni, anakata tamaa. Mzoeze kuvua viambishi kimoja kimoja mpaka abaki na "leta". Majina pia: "nyuso" atafute "uso", "meno" atafute "jino". Ile kamusi ya Johnson ya 1939 ina mifano mizuri ya matumizi, ingawa baadhi ya maneno yake siku hizi huyasikii. Kwa lugha ya sasa, ile ya TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ya Kiswahili na Kiingereza, ya 2001, itawafaa zaidi.

Sasa niambie: ni watu wazima au watoto? Wameshasoma ngeli, au bado? Ukinijibu nitakuandalia sentensi badala ya orodha, kila kitenzi na wenzake, na maana ya Kiingereza nitaiweka chini ya sentensi nzima. Ukiona nimechelewa, nikumbushe bila haya.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Rafiki yako