Mwanangu, kabla sijatuma hiyo hela

Mwanangu,

Huku Moshi salama, bibi yako mguu umepungua kuvimba, anakuulizia kila siku kama unakula. Picha zako zote nimeziona, na ile voisi ndefu nimeisikiliza mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nakoroga mtori nikapitwa na pale uliposema nikupe milioni nne ufungue mgahawa wa kahawa huko Arusha. Mara ya pili nikapasikia vizuri sana.

Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatisha. Ukisikia mama anaanza kuuliza unasema "mama nitakupigia baadae" na hupigi.

Haya. Umenieleza ukuta utapakwa rangi gani, umenieleza kuna mtu atachora mlima Meru pale ndani, viti vya mbao za paleti, waifai, taa za kuning'inia, mashine ya kahawa ya vichwa viwili, yaani inatoa vikombe pande mbili kwa pamoja, kutoka Italia ambayo imetumika kidogo tu. Sawa, panapendeza, sikatai. Ila kwenye maneno yote hayo sijasikia nani atakaa kwenye hivyo viti siku ya Jumanne, tarehe 22, saa nne asubuhi, mvua inanyesha na mshahara bado. Ulisema "watalii" halafu ukasema "vijana". Mwanangu, mtalii sio mteja, mtalii ni mgeni. Hilo mimi nililipia ada kulijifunza na wewe ulikuwa bado shule ndio maana hukumbuki.

Ile sehemu yangu ya kwanza unaikumbuka? Ile ya karibu na hosteli ya wageni, yenye meza za nje. Mwezi wa saba na wa nane watu walikuwa wanasubiri wamesimama, wazungu wametoka mlimani midomo imebabuka, kila mtu anataka kapuchino na keki ya karoti, mimi nikajiona nimefika kabisa. Nikaajiri watu wanne. Nikakopa. Ikaja masika, Aprili, wapandaji wakapungua, nikawa nafungua saa moja asubuhi nauza vikombe vitatu mpaka jioni na kimoja amekunywa baba yako bure. Nikasema ni msimu tu tutavuka, tukavuka mwaka wa kwanza, tukavuka wa pili tunahema, halafu ikaja 2020 ndege zikasimama, hosteli ikafungwa, na marejesho ya mkopo hayakusimama hata siku moja. Yule mgeni hata angenipenda vipi, alikuwa anakunywa kikombe kimoja, anapiga picha, kesho yupo Zanzibar. Hawezi kurudi wiki ijayo. Sio kosa lake, ndio safari ilivyo.

Kilichotuokoa, na nataka ulisikie hili hata kama halipendezi kwenye picha, ni mtori na chai ya maziwa. Niliuza meza nusu nikahamia kale kafremu ka nyuma ya stendi, nikaanza kupika mtori saa kumi na moja alfajiri, chapati, maandazi, chai. Wakaja manesi wanaotoka zamu ya usiku, wakaja wale akina mama wa maduka ya vitambaa, makonda, na wale vijana wa benki wanaovaa tai. Kahawa nilikuwa naiweka pale pembeni tu. Ilichukua karibu mwaka mzima ndio mmoja wa wale manesi akaniambia mama leo nipe hiyo ya povu nijaribu. Mwezi uliofuata akaja na mwenzie. Leo nauza kahawa nyingi kuliko kule kwa wazungu na hakuna hata mmoja aliyefuata ukuta, maana ukuta wenyewe unaujua ulivyo.

Watu wanadhani kwa vile sisi ni wa Kilimanjaro basi kahawa tunakunywa. Babu yako alikuwa na kahawa kihamba kizima, shamba lote la nyumbani, chini ya migomba. Kahawa ipo mlimani tangu mapadri walivyoipanda Kilema 1898, KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa, ipo tangu 1933, mnada wenyewe umefanyika hapa hapa mjini miaka na miaka, baba zako wadogo wote wamesomeshwa na kahawa, na babu yako mpaka anaingia kaburini alikunywa chai. Chai ya maziwa na sukari vijiko vitatu. Kahawa ilikuwa ada, ilikuwa mabati, ilikuwa ng'ombe. Ilikuwa inachumwa, inamenywa, inaanikwa, inapelekwa chama cha msingi, basi, inaenda Ulaya. Kwahiyo huyo unayemwita mshindani wako, yule mwenye kahawa ya kuchorwa maua maua kule Njiro, mwache. Mshindani wako ni chupa ya chai ambayo mtu ametoka nayo nyumbani.

Ukitaka mwalimu mzuri usiende kozi kwanza, nenda ukakae pale kijiweni na yule mzee wa birika. Unamjua, kila mtaa una wa kwake. Birika lina mkaa chini, vikombe vidogo kwenye ndoo, kashata kwenye kopo. Hana kiti hata kimoja cha kwake, wazee wamekaa kwenye benchi la fundi viatu. Lakini muangalie: anafika saa ile ile kila siku, anajua nani anataka chungu na nani anachanganyiwa tangawizi, anajua nani kafiwa, na kahawa inayobaki haipashi kesho, anamwaga. Wateja wake asilimia kubwa ni wale wale wa jana. Hana waifai. Ukimwelewa huyo mzee umemaliza nusu ya masomo.

Sasa kuhusu hiyo fremu ya Sakina. Kabla hujasaini nataka ufanye kitu kimoja, wewe mwenyewe, usimtume mtu. Kaa ng'ambo ya barabara siku sita, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne asubuhi, halafu tena saa kumi mpaka moja jioni, na daftari. Hesabu wanaopita kwa miguu. Waliopo ndani ya magari usiwahesabu, hawasimami. Na angalia ipo upande gani. Mtu wa kahawa ni mtu wa asubuhi, anaelekea mjini, kituo chake cha daladala kipo upande wa kwenda mjini, kama fremu yako ipo upande wa kwenda Namanga itabidi avuke barabara ile kubwa mara mbili na daladala yake inakuja, havuki. Nimeona mtu kafunga biashara kwa ajili ya upande wa barabara tu, na chakula chake kilikuwa kitamu kuliko changu.

Hicho kilemba, hiyo hela ya kuachiwa fremu anayotaka huyo anayetoka, muulize anatoka kwa nini. Muulize na majirani, hasa wa duka la mangi, wao wanajua kila kitu. Na mkataba uandike kodi itapandaje na baada ya muda gani, usiridhike na "tutaelewana kijana wangu". Mimi baba mwenye fremu aliniambia tutaelewana, alivyoona foleni ya mwezi wa nane tukaelewana kweli, alipandisha karibu mara mbili.

Hesabu. Najua huzipendi ila tulia hapa. Kikombe kimoja cha mashine kinakula gramu 18 za kahawa. Kilo moja kwenye karatasi ni vikombe 55, lakini kuna ile ya kupimia asubuhi na kuna inayomwagika, wewe weka 50. Kama kilo iliyokaangwa umeipata kwa 30,000, kahawa ya kikombe ni 600. Lita ya maziwa inatoa kapuchino sita kama mhudumu wako hamwagi, weka 400. Sukari, tishu, umeme, weka 200. Hiyo ni 1,200. Unauza 3,500, imebaki 2,300, na hapo ndio unaona faida kubwa unafurahi. Subiri. Fremu 400,000 kwa mwezi, ukifungua siku 26, ni vikombe saba kila siku vya baba mwenye nyumba. Wahudumu wawili wa laki mbili mbili, vikombe vingine saba. Vikombe 14 vimeshaondoka, wewe hujala, LUKU ya friji na taa hujaweka, TRA hujaweka. Sasa rudi kwenye lile daftari la kuhesabu watu uniambie, tuseme vikombe 30 kwa siku ili na hivyo vingine vilipike, unavitoa wapi mwezi wa nne. Ndio maana nasema kuwe na kitu cha kutafuna, andazi zuri la moto lina faida yake na mtu wa chai naye anaingia bila kuogopa bei, akishaingia siku nyingi ipo siku ataonja.

Hiyo mashine ya vichwa viwili acha kwanza. Nilikuwa nayo, nakuambia. Kichwa cha pili nilikitumia mwezi wa saba na wa nane tu, miezi kumi kilikuwa kinakula umeme. Chukua ya kichwa kimoja, hela inayobaki weka kwenye mashine ya kusagia. Watu wote wanakimbilia ile inayong'aa mbele ya mteja lakini kama usagaji ni wa hovyo, hapa unga hapa vipande, kikombe kimoja kinatoka kichungu na kichachu kwa pamoja, hata mashine ya Mfalme haikusaidii. Gramu 18 za unga zikuletee kama gramu 36 za kahawa kwenye kikombe kwa sekunde 25 mpaka 30, ikiwahi kaza usagaji, ikichelewa legeza. Saga mteja akishaagiza. Iliyosagwa jana harufu imeshaenda. Na iliyotoka kwenye kikaango leo nayo usiitumie leo, ina gesi, iache siku kadhaa. Nunua kidogo kidogo.

Maji sasa, maji ya Arusha unayajua, wengine meno yao yanaonyesha. Floraidi haitoki kwa kuchemsha, tena yakipungua inazidi, na kuna maji yanaacha ukoko kama ule wa ndani ya birika, ukoko huo ndio unaua mashine. Chujio la maana ni lazima, liweke kwenye bajeti kabla ya huyo mchoraji wa Meru. Halafu kitu kidogo, huko mko juu, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95, kwahiyo kahawa ya kuchuja kwa mkono mimina tu yakitoka kuchemka usisubiri yapoe kama wanavyosema wa kwenye video.

Leseni ya biashara, namba ya mlipa kodi, vyeti vya afya vya wahudumu, maliza kabla ya kufungua, usianze biashara kwa kujificha. Ukitaka kununua kahawa mwenyewe kwa wakulima njoo kwanza tuende Bodi ya Kahawa hapa Moshi wakueleze taratibu, kahawa sio vitunguu. Na mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, usiguse. Hata laki tatu. Ukikwama niambie mimi.

Milioni nne sitoi. Usikasirike, soma mpaka mwisho. Nina milioni na laki saba za kikoba zinatoka mwisho wa mwezi, hizo ni za mashine ya kusagia na chujio, na nitalipa mimi mwenyewe huko dukani, haziingii kwenye simu yako. Nyingine tutaongea nikishaliona daftari.

Njoo Jumamosi ya wiki ijayo nalo, siku zote sita ziwe zimejaa. Ukishuka stendi pita Mbuyuni unichukulie ndizi mshare mkungu mmoja, chagua zilizokomaa, usipewe zile nyembamba kama mwezi uliopita. Na hotpoti langu la bluu lirudi.

Mama yako