Asante, kapteni uliyetupeleka Mombasa

Kwa kapteni wa ndege yetu ya alfajiri kutoka Dubai kwenda Nairobi: jina lako sikulisikia vizuri kwenye kipaza sauti, ila shukrani zangu nazitoa hadharani.

Ukungu ulikuwa umefunika uwanja wa Jomo Kenyatta, nasi tukabaki kuzunguka angani, watoto wakilia. Ulitueleza mapema mafuta yanaruhusu kusubiri hadi saa ngapi, na kwamba saa hiyo ikifika kabla ukungu haujapungua, tunakwenda Mombasa. Ukafafanua kuwa ndege ya jeti hupangiwa kutua ikiwa bado na akiba ya dakika 30 angani, na akiba hiyo haichezewi. Muda ulipofika, uligeuza.

Wapo walionung'unika kwamba ungevuta subira kidogo. Mimi naona hapo ndipo ulipotufaa zaidi, maana kila dakika ya kuzunguka ilikuwa inakula mafuta ya kutufikisha Mombasa.

Tulipokuwa tukisubiri Mombasa, ulitoka chumba cha marubani, ukachuchumaa kando ya mzee aliyekuwa na miadi ya hospitali, ukamwonyesha karatasi ya hali ya hewa na kumsomea saa ambayo Nairobi ilitarajiwa kufunguka. Mzee akatulia kabisa.

Wasafiri wenzangu, mkigeuziwa safari namna hii, tafadhali msiwafokee wahudumu. Na anayemfahamu kapteni huyu amfikishie salamu: yule mzee alimwahi daktari wake.