Si kila anayetofautiana na viongozi wake ni mzushi

Mhariri,

Waandishi wa habari za dini wamezoea kumwita mzushi kila aliyekosana na wakubwa wake: aliyebadili dini, aliyejitenga na askofu, hata wanaosoma maulidi. Hayo ni mambo mbalimbali.

Uzushi umetokana na kuzua, yaani kuleta lililokuwa halipo. Ndiyo maana tunalitumia pia kwa porojo zisizo na msingi, na msomaji akikuta "uzushi wa mchungaji" hajui kama mtu huyo amesema uongo au amepotoka katika mafundisho. Wagiriki hawakuanzia huko. Hairesis, neno lao linalotafsiriwa uzushi, kwao ilikuwa uchaguzi, kisha kundi lililochagua fundisho fulani, bila lawama yoyote. Matendo ya Mitume huwaita hivyo Masadukayo na Mafarisayo, na Biblia yetu ya Union ikasema "madhehebu". Lakini katika 24:14, Paulo akijitetea mbele ya liwali Feliki, neno lilelile limekuwa "uzushi"! Askofu Irenaeus wa Lyon alipowaandikia majibu yake Wanostiki, waliodai kwamba wokovu huja kwa maarifa ya siri, mwaka 180 hivi, lilikwisha kuwa neno la kushtaki.

Kwa Wakatoliki mpaka umewekwa na Kanuni ya 751 ya Sheria za Kanisa za 1983. Mzushi ni mbatizwa anayeshupaa kukana, au kutilia shaka, ukweli unaopaswa kusadikiwa kwa imani ya kimungu na ya kikatoliki. Kushupaa ndiko kwenye uzito; aliyekosea kwa kutojua hahesabiwi. Aliyeiacha imani yote ya Kikristo ameasi imani, na anayekataa kuwa chini ya Papa amefarakana. Padri anayegombania shamba la parokia hayumo kokote humo.

Bidaa ya Waislamu iko karibu zaidi na kuzua, kwani asili yake ya Kiarabu ni kuanzisha kisicho na mfano. Hata hivyo si kila bidaa humtoa mtu katika Uislamu. Aliyetoka ni murtadi. Tena Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea pwani yetu, alitenganisha bidaa ya kusifiwa na ya kulaumiwa, na ubishi wa maulidi unazunguka hapohapo. Mwandishi akiandika "uzushi" tu, amekwisha kuhukumu kwa niaba ya upande mmoja.

Kabla ya kulichapa, ulizeni nani amelitamka, juu ya fundisho gani, kwa mamlaka gani. Likiwa limetoka kwa hasimu, liwekeni ndani ya alama za kunukuu na jina lake pembeni.

Msomaji wenu,
Tanga