Barua kwa mdogo wangu aliyeko Maskati: usiifunge bado

Mdogo wangu,

Nimeiona picha. Hukunitumia mimi, uliiweka kwenye status, lakini nimeiona na nimeikuza mpaka ikaanza kupasuka vipande vipande. Chombo cha anga cha kuchezea, cha plastiki, na ni kizuri. Pua umeitoa vizuri kuliko ile ya kwetu, na yale mabomba ya shingoni, ambayo kama sijakosea ni vifuniko vya kalamu, yamekaa mahali pake. Hongera. Ila mgongo umeshaufunga. Naona mng'ao wa gundi umepita mshono mzima, toka mkiani hadi kwenye madirisha, na sioni pa kuingilia.

Nakuandikia hadharani kwa sababu simu hupokei. Wengine mnaosoma, chukueni vipimo. Ugomvi tuachieni wenyewe.

Tuanze na huo mgongo. Kati ya ubavu wa tatu na wa nne pamebonyea. Najua utasema ni joto la huko. Joto lingepinda hovyo hovyo, lakini hapa pamezama katikati ya mbavu tu, na mbavu zenyewe zimesimama. Ni gundi. Umebandika shiti mbili za plastiki za milimita 1, ukapaka eneo lote kama siagi kwenye mkate, ukafunga. Ile gundi nyepesi kama maji hainati, inayeyusha. Inalainisha plastiki ya pande zote mbili hadi zishikane, kisha inatakiwa itoke hewani. Ikikosa pa kutokea inabaki katikati ya shiti kwa wiki kadhaa, inaendelea kulainisha, na pasipo na ubavu panazama taratibu. Ndiyo maana siku unapomaliza panaonekana sawa, na wiki tatu baadaye panaonekana kama bati lililokaliwa na mtu.

Dawa yake ni kutoboa shiti ya ndani kabla ya kubandika, matundu ya milimita 2, kila baada ya sentimita 2 au 3. Gundi ipite kwenye kingo na juu ya mbavu tu: unazishika pande mbili zikiwa zimegusana, unagusisha brashi kwenye mshono, inajivuta yenyewe ndani. Halafu acha siku mbili kabla ya kufunga. Kwa hiki ambacho umeshakifunga, usiku wa leo chukua kekee, toboa matundu mawili ya milimita 6 kwenye vyumba vya miguu, mahali ambapo hapaonekani, kipumue. Pati usiweke sasa. Ukijaza leo, mwezi ujao pamezama tena na utaanza msasa upya.

Sasa mlango wa fundi, yaani wa kufungua na kutengeneza ndani. Hili nakwambia mimi, na najua unacheka huko uliko. Cheka ukimaliza, halafu usome.

Mlango uwe wa milimita 60 kwa 40, yaani vidole viwili na bisibisi viingie pamoja. Uupange kwenye mistari ya paneli ambayo ungeichora kwa vyovyote, ili kingo zake zifanane na mistari mingine. Ukate shiti ikiwa bado bapa mezani, kwa mgongo wa wembe badala ya makali: makali yanapasua na kuinua ukingo pande zote mbili, mgongo unakwangua mfereji safi. Ndani uzungushe ukanda wa upana wa milimita 5, nusu umebandikwa, nusu umetokeza kuwa kikalio. Sumaku za milimita 3 kwa 2, moja kila pembe. Weka alama ya wino kwenye uso unaovutana KABLA ya kupaka gundi, maana ukigeuza moja tu mlango utakuwa unaruka wenyewe. Na sumaku zishikwe kwa epoksi. Supagluu hushika ile ngozi inayong'aa ya sumaku vizuri tu mpaka siku utakayovuta mlango, ngozi ikabanduka nayo. Kwa kufungulia, tundu la milimita 1 lililofichwa ndani ya bomba la moshi. Unasukuma kwa pini kutoka upande wa pili.

Shughuli yote hiyo ni ya jioni moja.

Miguu. Nimeona kwenye ile video ya sekunde saba kwamba sevo, zile mota ndogo za kukunja miguu, zinanung'unika hata chombo kikiwa kimesimama. Hilo nung'unika maana yake zinabeba. Chombo cha ukubwa ule hakipungui gramu 900. Miguu mitatu, kila mmoja gramu 300. Mguu wa sentimita 6 ukiwa umelala, mzigo kwenye ekseli ni kilo 0.3 mara sentimita 6, sawa na kilo-sentimita 1.8. SG90, ile ya bluu ya gramu 9, kwa volti 4.8 nguvu yake yote ni hiyo hiyo kilo-sentimita 1.8. Haibaki hata ya kumeza mate. Inakwama, inavuta miliampea 600 hadi 700, inapata moto, na gia zake za plastiki zinaanza kuliwa jino moja moja.

Ukinunua zenye gia za chuma utakuwa umeahirisha tu. Sevo haitakiwi kubeba chombo hata kidogo. Mguu ukishuka upitilize wima kwa nyuzi 3 hadi 5, kisha ugote kwenye kizuizi cha shaba. Hapo uzito wa chombo wenyewe unaushindilia mguu kwenye kizuizi, na sevo inabaki na kazi ya kuinua gramu 15 za mguu mtupu. Kwenye programu, mguu ukishafika, kata mawimbi ya sevo, nung'unika litaisha. Na miguu ishuke chombo kikiwa mkononi au kwenye stendi, kisha ndiyo ukitue. Wewe ulitaka siku zote kijiinue chenyewe toka sakafuni kama ngamia. Kwa sevo za gramu 9 hakijiinui, tulishalizungumza.

Ekseli uzifanye kwa mirija ya shaba njano: wa milimita 3 ndani ya wa milimita 4. Ule wa 4 ukiwa na ukuta wa milimita 0.45, tundu lake ni 3.1, nafasi inayobaki inatosha kuzunguka bila kuchezacheza. Ukishakata, ondoa meno ya ndani kwa ncha ya wembe, la sivyo hauingii na utadhani umeuziwa saizi isiyo yake. Paka mafuta ya Vaseline kwenye mrija wa ndani kabla hujaleta supagluu karibu. Ile gundi inatambaa. Unaweka tone hapa, inaganda kule, na mguu umekufa.

Umeme sitaurefusha. Usichukue volti 5 za sevo kwenye pini ya Arduino, ile bodi ndogo inayoziongoza. Sevo tatu zikianza pamoja volti inaanguka, bodi inajizima na kujiwasha, na miguu inatetemeka kama ina degedege. Sevo zipewe njia yake, kapasita ya mikrofaradi 470 au 1000 iwe karibu nazo, hasi zote ziungane. Kila taa ya LED na rezista yake: nyeupe omu 150, nyekundu 220, kwa volti 5. Ukizipa rezista moja kwa pamoja, ile inayohitaji volti chache kuliko nyingine itajilia umeme wote na nyingine zitafifia. Na waya za miguuni ziwe zile laini za silikoni. Waya wa nyuzi nyingi ukiuchomea risasi, risasi inapanda ndani ya nyuzi na kuufanya mgumu kama msumari. Haukatiki kwenye kiungo. Unakatika pale ugumu unapoishia, maana ndipo panapopinda kila mguu unapokunjwa. Lazima waya ushikwe sentimita moja mbele ya kiungo, kwa tone la epoksi au uzi, ili pasipinde hapo.

Unajua kwa nini nimeliandika hilo kwa urefu.

Mguu wa kushoto wa Ngalawa, kile chombo chetu cha nyumbani, ulikatikia hapohapo. Kiungo ulichomelea wewe. Sikukulaumu wakati ule, na sikulaumu sasa, kila fundi amewahi kukatikiwa. Nisichoweza kukimeza ni msumeno. Hitma ya baba imekwisha, watu wako na sahani za pilau, ami anaomba aone kile chombo alichokisema marehemu, unakiwasha, mguu mmoja haushuki. Ungeweza kusema kimeharibika. Watu wangesema inshallah kitapona na wangeendelea kula. Badala yake ukainama chini ya meza ya baba, ukatoa msumeno wa chuma wenye mpini uliofungwa mpira wa baiskeli, ukakata mgongo mbele ya watu. Unga mweupe ukawa unaanguka juu ya mkeka, na mwingine kwenye halua. Ulipofika katikati ulinitazama ukasema, “Si ulifunga wewe?”

Milimita 211. Nimepima.

Ndiyo, nilifunga mimi. Na kwa kuwa umelisema mbele za watu, nami nitajibu mbele za watu. Mlango ulikuwepo. Niliukata mwenyewe, 60 kwa 40, na sumaku zake nne. Wewe ulikuwa umeshaondoka kwenda kutafuta viza. Baba macho yalikuwa yamekwisha, chombo alikiona kwa kidole gumba. Kila jioni alikipitisha toka puani hadi mkiani, polepole, na kila akifika pale kwenye ukingo wa mlango kidole kilikwama, akauliza, “Hapa pamevunjika?” Namwambia hapana, ni mlango. Kesho yake anauliza tena. Mwanya ulikuwa milimita 0.3, kwa jicho hauonekani, kwa kidole cha fundi redio aliyepapasa saketi miaka arobaini ni mtaro. Nikaujaza. Pati, msasa namba 400, kisha 800, kisha 1200 na maji. Jioni ile kidole kikapita hadi mkiani bila kusimama.

Kwa hiyo usiniambie habari za makosa ya kiufundi. Najua ni kosa. Yeye mwenyewe hakuwahi kufunga redio bila kuacha skrubu zake kwenye kifuniko cha Kiwi, na angejua nilichofanya angenigombeza. Lakini ungeniuliza. Hata kwa nusu dakika, pembeni, pale barazani.

Turudi kwenye chombo chako, kuna mambo mawili nimeyasahau. Madirisha: ukuta wa milimita 1 mweupe unapitisha mwanga kama kivuli cha taa, ndiyo maana kwenye picha ya usiku tumbo zima linawaka. Rangi nyeusi ndani, mikono miwili, kisha nyeupe juu yake ili mwanga usimezwe. Nyuzi za kupitisha mwanga zishikwe kwa gundi nyeupe ya mbao. Supagluu inazifanya zikauke na kuvunjika kama tambi mbichi, na utagundua ukishafunga. Zikishika, acha zitokeze milimita 2 nje, ukate baada ya rangi.

Pili, ule mlango wa abiria. Kwa kipimo cha 1/72 mtu wa mita 1.75 ni milimita 24. Mlango wako naukisia milimita 40, yaani karibu mita 3. Huo ni wa ghala. Ushushe hadi 29, na vidaraja vya ngazi milimita 2.5 kila kimoja, na utashangaa chombo kizima kitakavyokua bila kuongeza hata kipande. Jicho linapima chombo kwa mlango. Vile vipande chakavu vya printa ulivyobandika kila mahali havitasaidia mlango ukiwa umekosewa. Na upunguze. Wale mafundi wa filamu ya Star Wars wa Van Nuys, California, walioanza mwaka 1975 kujenga vyombo kwa vipande vya vifaru na magari ya plastiki ya dukani, walijaza sehemu na kuacha sehemu. Wewe umejaza mpaka jicho halina pa kukaa. Isitoshe lile gurudumu la kifaru ubavuni kila mtu analitambua. Likate nusu au uligeuze.

Rangi usipulize jioni. Kiyeyusho kikiruka kinapoza uso, unyevu wa pwani unatua juu yake, na kijivu kinatoka na ukungu mweupe. Ikishatokea, subiri ikauke, msasa namba 1000, rudia mchana.

Ngalawa iko kwangu, kwenye kabati la baba, juu ya taulo. Waya nimeuunganisha, mguu unashuka. Ule mkato sikuuziba. Nimeweka kikalio cha milimita 5 ndani yake na sumaku sita, unafunguka. Usidhani nimekusamehe, ni kwamba msumeno ulikula karibu milimita 1 na mwanya ule haujazibika bila kuonekana, nimejaribu mara mbili. Nimeongeza ukanda wa plastiki wa milimita 0.75, umekaa.

Kimebaki kijivu. Ulichanganya wewe, kwenye kile kikopo cha filamu, na hukuandika. Nimejaribu nyeupe matone 12, nyeusi 2, bluu 1: imetoka baridi mno. Nikaongeza kahawia tone moja, ikawa tope. Niandikie matone uliyotumia. Si lazima upige simu.