Kuhusu Neno Zamhariri

Unguja Mjini

Ndugu yangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Barua yako nimeipata, na swali lako, uwafasirie vipi wanafunzi wako neno zamhariri, limenifurahisha, kwani wengi wetu hulisoma katika Suratul Insan, aya ya 13, tukalipita kana kwamba maana yake ni baridi basi.

Zamhariri ni baridi iliyopindukia mpaka, inayoudhuru mwili kama moto unavyoudhuru. Katika Qur'ani nzima neno hili limetajwa mara moja tu, nalo limewekwa sambamba na jua: watu wa Peponi wameegemea, hawaoni humo jua wala zamhariri, yaani hawapatwi na joto la kuunguza wala baridi ya kugandisha. Ukilifasiri kwa "baridi" peke yake, wanafunzi wako wa huko Wete, Pemba, watauliza, tena kwa haki, kipupwe kina ubaya gani hata Pepo isifiwe kwa kukikosa. Huku kwetu hata usiku wa Julai, kusi likivuma, joto kwa kawaida halishuki chini ya nyuzi 20, na watu huona raha.

Kwa hiyo napendelea useme "baridi ya kuzizima", maana kitenzi hicho tunacho na kina nguvu yake. Wapeleke dikoni wamtazame mchuuzi anayefukua samaki ndani ya barafu: kwanza mkono humuuma, kisha humchoma, mwishowe vidole hufa ganzi na akivikunja haviitiki. Hapo ni karibu na nyuzi sifuri tu. Antaktika, katika kituo cha Vostok, tarehe 21 Julai 1983 zilipimwa nyuzi 89.2 chini ya sifuri.

Ama matumizi mengine ya neno hili, iko hadithi waliyoipokea maimamu wa hadithi Bukhari na Muslim, kwamba Moto wa Jahannam ulimshitakia Mola wake kuwa sehemu zake zinakulana, ukaruhusiwa pumzi mbili, moja wakati wa baridi na moja wakati wa joto, na baridi kali kabisa tuionayo hutokana na zamhariri yake. Usiwaache vijana wadhani kuwa adhabu ya huko ni ya joto peke yake.

Wapo pia wafasiri walionukuu kuwa katika lugha ya Tayyi, kabila la Waarabu, zamhariri ni mwezi, ikawa Pepo haihitaji nuru ya jua wala ya mwezi. Mimi naona kauli ya baridi ndiyo yenye nguvu, lakini hii nayo wasomeshe wanafunzi wakubwa. Nijuulishe siku ya darsa, nami inshaallah nitavuka nije Wete tuisome pamoja.

Wasalaam,
Nduguyo akutakiaye kheri