Ile risasi unayoyeyusha uani, kaka

Kaka Side,

Mambo vipi, shem na madogo hawajambo? Tangu tuachane pale Gerezani nawaza tu ile kazi ya kuyeyusha plati za betri hapo uani kwako, afu uliposema siku hizi unachoka hovyo na tumbo linakaza ndo nikakosa raha kabisa. Nisikilize ndugu yangu.

Risasi, yani ile metali ya kwenye plati za betri, ikishaingia kwenye damu, iwe kwa moshi, vumbi au mkono ambao haujanawa, karibu yote, kama asilimia 99, inakaa ndani ya seli nyekundu. Na seli nyekundu haitaki kalsiamu ndani, yani nje yake kalsiamu ni zaidi ya mara 10,000 ya ile ya ndani, kwa hiyo inajipenyeza muda wote na kuna pampu kwenye utando wa seli inaitoa usiku na mchana, ni kama mtumbwi unaovuja, ukiacha kuchota maji umezama. Sasa risasi ndo inaikaba hiyo pampu.

Kalsiamu ikipanda humo ndani, kuna njia inafunguka, inaitwa Gardos, jina la mtafiti wa Hungaria aliyeeleza jambo hili mwaka 1958, potasiamu inamwagika nje, maji yanaifuata, seli inasinyaa. Afu mafuta fulani ya upande wa ndani wa utando yanageukia nje, walinzi wa mwili huko kwenye bandama wakiyaona wanaimeza. Seli ya kuishi siku kama 120 inaondoka mapema, na huku risasi hiyohiyo inazuia himoglobini mpya isitengenezwe, sasa damu itaacha kupungua kweli? Hivyo vidonge vya kuongeza damu unavyomeza havitoshi kama risasi bado inaingia.

Ila wanaoniumiza roho ni madogo, matumbo yao yanafyonza risasi kuliko yetu, na WHO wanasema hakuna kiwango salama. Dagaa na maziwa wape, mwili wenye kalsiamu ya kutosha unapokea risasi kidogo, lakini iliyoshaingia haitoki kwa dagaa. Nendeni wote mkapime, na mtaje risasi kwa jina maana kipimo cha kawaida cha damu hakiipimi.

Jumamosi nakuja huko Mbagala na kirikuu tuhamishe jiko na masufuria yote ya kazi, na hadi hapo usiwashe kitu. Mwambie shem asifagie uani pakavu, amwagie maji kwanza.

Ndugu yako,
Hamisi